Benchi la Kura Tatu

Hebu vuta picha ya benchi refu mbele ya kiwanda cha kuchambua pamba, Bariadi, miaka ile wanunuzi binafsi walipokwisha kuruhusiwa na kila mmoja akawa anawakimbilia wakulima. Mguu mmoja wa benchi hilo ni tofali. Limbu, fundi kompyuta wa kiwanda, amesimama na kikombe asichokinywa. Juzi, siku ya majaribio, panya alikata waya uliounganisha kompyuta zake mbili za kuendesha mzani wa pamba. Kila moja ikadhani mwenzake imekufa, zote zikashika mzani, na lori moja la pamba kutoka Kimali likapokelewa mara mbili. Kesho msimu unafunguliwa. Bosi kamwambia kosa hilo likijirudia, arudi kwao Kiloleli akalime mpunga.

— Mbili za nini? aliuliza Kasmiri, wanayemwita Rada kwa kuwa habari zote humfikia kwanza. Moja si ingetosha?

— Moja ikizima, ya pili inaendelea, wakulima wasisote juani, alisema Limbu. Ndiyo maana zinapeana mapigo muda wote, kama moyo: nipo, nipo, nipo.

— Sungusungu hao wa lindo la usiku! alidakia Marcelo, jina la kijiweni Filimbi. Napuliza, mwenzangu anajibu. Asipojibu, kaliwa na fisi.

— Au kasinzia. Au filimbi yake imeziba. Hapo ndipo nilipokosea. Sasa nimeweka ya tatu, haipimi kitu, kazi yake kura tu. Yenye kura mbili kati ya tatu ina akidi, inashika mzani. Iliyobaki peke yake inanyamaza.

— Kura angepiga ng'ombe, Rada alisema kwa uzito. Ng'ombe hahongeki.

— Wako anahongeka kwa chumvi! Filimbi alimkata.

— Basi tuweke ng'ombe wawili.

— Wakigombana je?

Apolonia, muuza kahawa, alicheka hadi akashika mbavu.

— Tujaribu hapa hapa. Ninyi kompyuta, mimi kura, birika ndilo mzani.

Wakaketi watatu. Rada akajipiga gotini: nipo! Filimbi akajibu: nipo! Nipo, nipo, hadi wapita njia wakasimama. Ghafla Filimbi akanyamaza, macho kayafumba.

— Kafa! Rada alipiga kelele. Mayu Apolonia, kura yako!

— Chukua, baba.

Rada akashika birika. Filimbi akafufuka.

— Lete hapa, mimi mzima!

— Una kura ngapi, marehemu?

— Yangu!

— Basi nyamaza!

Limbu alicheka kwa mara ya kwanza tangu juzi. Dawa yake inafanya kazi! Lakini Filimbi hakunyamaza. Alirukia birika, tofali likateleza, benchi likalala, na wote watatu wakaenda chini miguu juu. Kahawa yote ikanywewa na vumbi.

Ndipo akafika Milembe, muuza karanga wa ng'ambo ya barabara, kikombe mkononi, hajui lolote.

— Mwadila, alisalimu. Sasa kahawa ananimiminia nani?

Rada alimtazama Filimbi. Filimbi akamtazama Apolonia. Wote watatu walikuwa bado chini vumbini.

Limbu aliacha kucheka. Alikuwa anaiona meza yake kule ndani: kompyuta mbili na ile ya tatu, zote zimechomekwa kwenye ekstensheni moja ya umeme.

— We Limbu, mbio za wapi?

— Kuzitenganisha! Kila moja na benchi lake!

Kesho yake, foleni ya wakulima ikiwa imefika barabarani, ekstensheni ile iliungua kweli. Kompyuta ya kwanza ikazima. Ya pili ikaomba kura, ikapewa, na mzani haukusimama hata kidogo. Limbu yupo Bariadi hadi leo.

Nawe ukiyasahau mengine yote, nakuomba ukumbuke hili moja: unapowapanga watatu ili wasaidiane, usiwakalishe benchi moja.