Isaac Mounsey na Saa Aliyokataa Kuifungua

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake marehemu, Joseph, ambaye wengi wenu mnamwita Joss. Mchungaji amenipa dakika tano, na amenisihi nisiguse habari za ile saa. Nimemwitikia kwa heshima zote, lakini nitazigusa. Nusu yenu mmeshazisikia kwa muuza nyama zikiwa zimetiwa chumvi na pilipili, afadhali mzisikie kwa mtu aliyekuwapo.

Marehemu Isaac Mounsey alizaliwa Jumapili, tarehe 2 Novemba 1941, katika shamba la Low Ghyll karibu na Orton, Westmorland. Alikuwa mtoto wa kwanza wa John William Mounsey, mfugaji wa kondoo, na mkewe Edith. Mimi nilifuata miaka minne baadaye. Mama alikuwa akisema kwamba Isaac hakulia alipozaliwa. Alifumbua macho, akakizungushia chumba kizima jicho kama mtu aliyekuja kukagua kazi ya wengine, ndipo akalia.

Alisoma shule ya kijiji hapa Orton kuanzia mwaka 1946, kisha Appleby mpaka Pasaka ya 1957. Mwalimu wake wa kwanza, Bi. Tallentire, hakuvumilia mkono wa kushoto. Akiukuta umeshika kalamu, anauchapa rula. Basi Isaac akaandika kwa kulia shuleni, na kwa kushoto nyumbani, mpaka mwandiko wake ukawa wa peke yake duniani. M yake iliburuta mguu wa mwisho, na nne yake ilikaa kama kiti kilichopinduliwa. Mimi ningeutambua mwandiko huo hata gizani.

Tarehe 1 Mei 1957 aliingia kujifunza ufundi kwa Bwana Fothergill wa Appleby, aliyetengeneza saa za kabati, zile ndefu zinazosimama sakafuni na kumpita mtu kimo. Mwaka 1971 tukafungua karakana yetu wenyewe. Yeye alishika shaba, yaani mtambo na magurudumu yake, nami nikashika mbao, yaani makabati. Tulifanya kazi meza kwa meza miaka arobaini, na tuligombana mara mbili tu kwa siku, kabla ya chai na baada yake. Hakuna bonde katika sehemu hizi ambalo hakuingia akiwa na mkoba wake. Mkulima mmoja wa Ravenstonedale aliapa kwamba saa ya babu yake imerogwa, kila ikifika Jumamosi inachelewa. Isaac alifungua mlango wa kabati, akatia mkono, akatoa chupa ya wiski iliyokuwa ikigongwa na kining'inio kinachobembea humo. Akamwambia mke wa yule bwana, "Mama, saa yako nzima kabisa. Aliyelegea ni mwenye saa."

Sasa kuna desturi ya mafundi wa saa ambayo wengi wenu hamjaiona, kwa kuwa imefichwa kusudi. Fundi akimaliza kazi, kabla hajarudisha uso wa saa mahali pake, huchukua sindano ya chuma akakwaruza jina lake na tarehe kwenye bamba la shaba lililo nyuma ya uso. Mwenye saa halioni kamwe. Analiona fundi ajaye, labda miaka sitini baadaye. Isaac alipenda kuyasoma majina hayo kwa sauti, kama mwalimu anayeita mahudhurio ya darasa ambalo lote limekwisha kufa.

Februari 1963, mwaka ule theluji ilipofukia kuta za mawe, mjane mmoja aitwaye Bi. Dargue alileta saa yake kwa Bwana Fothergill, ambako nami nilikuwa najifunza makabati, pamoja na binti yake Nora. Baba yake Nora alikuwa amefariki Nora akiwa na miaka tisa. Kwetu, mtu akifa nyumbani, saa husimamishwa mpaka maziko yapite. Ile ilisimamishwa, na baada ya maziko ikagoma kwenda tena. Nora alimwambia Isaac, "Baba alikuwa akinipakata inapolia, tunahesabu pamoja. Moja, mbili, tatu. Mimi nataka kuisikia tu, hata mara moja."

Isaac alimtazama yule msichana, na sote tunajua alichokiona. Akaahidi ataitengeneza katika wiki moja.

Kesho yake aliuondoa uso wa saa. Kwenye bamba kulikuwa na majina manne ya mafundi wa zamani, la mwanzo la mwaka 1794. Chini ya hayo kulikuwa na la tano: Isaac Mounsey, 14-3-11. Lilikuwa jeusi kwa uchakavu kama yale mengine. M iliburuta mguu. Nne ilikuwa kiti kilichopinduliwa.

Bwana Fothergill alisema ni mwaka 1911, ni jina tu limegongana, dunia ina Mounsey wengi. Lakini karakana ile ilikuwa ya baba yake tangu 1898, na alimjua kila aliyeshika saa kutoka Kendal mpaka Carlisle. Hakumjua Isaac Mounsey mwingine. Mimi mwenyewe niliipekua rejista ya kanisa hili, na ile ya kanisa la pili, na mawe ya makaburi yote mawili. Sikumpata.

Isaac, aliyeisoma kuwa ni mwaka 2011 na kuliona jina lake kati ya wafu, alirudisha uso wa saa siku hiyohiyo. Akamwambia Bi. Dargue kwamba vipuri vyake havipatikani. Ndio uongo wa kwanza niliomsikia akisema.

Alifunga ndoa na Nora katika kanisa hili Jumamosi, tarehe 18 Juni 1966, na saa ikaja na bibi harusi, maana ndicho kitu pekee alichorithi. Usiku wa kuamkia harusi alikuwa amemweleza ukweli wote. Nora alinisimulia alichomjibu: "Basi isifunguliwe kabisa. Nimeshamkosa baba, sitaki kumkosa na mume kwa ajili ya kengele." Ikasimama sebuleni kwao miaka arobaini na mitano, ikifutwa vumbi na kung'arishwa kila Ijumaa, mishale yake kwenye saa moja kasoro dakika ishirini. Walijaliwa binti mmoja, Ruth, mwaka 1969.

Watu walitania, kama mnavyojua. Fundi wa bonde zima, nyumbani kwake saa bubu. "Mganga hajigangi," walisema. Na aliyetania kuliko wote ni huyu anayewasomea. Kila Krismasi, nikiwa na glasi mkononi, niliinuka nikasema, "Kaka, bado miaka ishirini na mitatu!" Mwaka uliofuata, "Bado ishirini na miwili!" Meza nzima ilicheka. Isaac alitabasamu, akaangalia sahani yake. Nilifanya hivyo mpaka Krismasi iliyopita, Mungu anisamehe, nikasema, "Haya, bado miezi mitatu, umeshaandika wosia?"

Ugonjwa ulikuwa wa Nora, si wake. Moyo wake ulichoka mwaka jana, na mwanzoni mwa mwezi huu kitanda chake kilishushwa sebuleni. Ijumaa tarehe 4 alianza kuhesabu usingizini. "Moja... mbili... tatu..." Kisha ananyamaza na kutega sikio. Halafu anaanza upya. Isaac alikaa kando yake siku mbili akimsikiliza mkewe akihesabu kengele isiyolia. Jumatatu asubuhi, tarehe 7, aliubeba mtambo wa saa mpaka meza ya jikoni.

Alinipigia simu akiwa mchangamfu. "Joss, nimepiga hesabu. Jumatano nitakuwa nimemaliza. Nitaandika tarehe tisa kwa mkono wangu, na lile jina lingine litabaki la mtu mwingine."

"Ndiyo, kaka!" nikamwambia. "Mwonyeshe shetani kazi."

Jumatano, kile kikanda chembamba cha chuma kinachoshika kining'inio kilikatika vidoleni mwake. Droo yake ilikuwa na vikanda vya kila upana, isipokuwa upana ule. Akaagiza. Theluji ikaanguka Alhamisi, ikaanguka Ijumaa, posta ikakwama. Kikanda kilifika Jumatatu ya wiki iliyopita saa tatu asubuhi. Ilikuwa tarehe 14, mwezi wa tatu, mwaka 2011.

Alinipigia tena. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Kifurushi kimefika, mdogo wangu."

"Subiri kesho," nikasema. "Kaka, kesho si mbali."

"Daktari ametoka hapa sasa hivi. Anasema kwa Nora huenda kesho isifike. Ruth yuko kwenye treni, na treni imesimama." Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kuniomba maishani mwetu. "Joss, njoo uimalize wewe. Imebaki kazi ndogo, kufunga kikanda na kurudisha uso. Mkono wako si wangu. Ukiifunga wewe, yamekwisha."

Naweza kufunga kikanda. Nimemwona akifunga mara elfu. Nilifungua kinywa nikasema, "Barabara haipitiki, kaka."

Mtu wa posta alikuwa amepita kwenye barabara hiyohiyo, na kifurushi kilikuwa mkononi mwa kaka. Hakunikumbusha.

"Haya," akasema. "Usijali. Sitaandika jina, basi."

Mimi niliyecheka miaka arobaini na minane nilikuwa nimekaa jikoni kwangu, koti liko mapajani. Niliogopa. Sina neno lingine la kuweka hapo.

Saa tisa alasiri simu ililia. Kabla hajasema kitu nilisikia kengele nyuma yake, nzito na tamu, ikigonga mara tatu, na juu yake sauti ya Nora ikihesabu, "Moja! Mbili! Tatu!" Alikuwa macho. Alikuwa akicheka kama msichana.

"Umesikia?" akauliza Isaac.

"Nimesikia. Hongera, kaka. Hukuandika?"

"Nimeandika."

"Isaac!"

"Sikujua, Joss. Nilikuwa nikimsikiliza Nora anavyopumua. Nilipotazama, sindano ilikuwa mkononi na jina lipo. Saa mia sita nimezimaliza hivyo. Mkono umezoea, haukuniuliza."

"Na lile la zamani?"

"Halipo. Kuna majina matano, kama siku ile. La tano ni langu, na linang'aa."

Nikamwambia dawa ya kusafishia ndiyo iliyolifuta. Akasema kwa upole, kama anavyosema kwa mteja mkaidi, "Shaba haifutiki hivyo, unajua." Kisha akasema, "Ngoja nikamtilie Nora chai."

Ndipo nilipoondoka. Barabara ilikuwa nyeusi na safi mwendo wote, nami nilifika kwa dakika ishirini. Isaac alikuwa kwenye kiti chake mbele ya saa, mkono wake wa kushoto ndani ya mkono wa mkewe, kikombe chake hakijaguswa. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa, miezi minne na siku kumi na mbili. Daktari aliandika ni moyo. Moyo wake haukuwa umeumwa hata siku moja.

Nilinyoosha mkono kusimamisha saa, kama desturi ilivyo. Nora akasema, "Shemeji, ukiigusa usikanyage tena nyumbani kwangu." Basi ikaendelea kwenda, na sisi wawili tukakaa naye mpaka Ruth akafika.

Mnamwona Nora amekaa hapo mbele leo, ndani ya koti lake la bluu. Ameingia kanisani kwa miguu yake. Daktari hana maelezo, na nimemwambia asijisumbue kuyatafuta. Juzi aliniambia, "Mimi sikumwomba, Joss. Nilikuwa nahesabu tu." Alirudia hivyo mara nyingi, akinishika mkono wa shati. Namwambia sasa mbele ya watu wote: hukumwomba, shemeji. Aliyeombwa ni mimi.

Marehemu ameacha mjane, Nora. Binti yake, Ruth, na mkwewe, Martin. Wajukuu wawili, Callum na Beth. Na mdogo wake, Joseph.

Jambo moja limebaki. Saa ile ikitiwa ufunguo huenda siku nane tu. Isaac aliutia Jumatatu ile, na leo Jumanne siku ya nane inatimia. Mapande ya risasi yanayoiendesha yamekaribia sakafu, na Nora hana nguvu za kuyapandisha. Jana aliniwekea ufunguo mezani. Nilitoka nikauacha palepale. Tukishamfukia kaka yangu, ninyi tangulieni ukumbini, chai na nyama ya paja vipo tayari. Mimi nitapita nyumbani kwa Nora kwanza, nikaitie ufunguo, na Jumanne ijayo nitarudi tena.

Isaac, kaka yangu, nisamehe. Mungu akulaze kwa amani.