Kifungo cha Beki wa Kushoto

Mbele ya duka la fundi cherehani aitwaye Sindano kuna benchi refu la mbao, na ukitaka kujua kwa nini timu ya mtaa inafungwa, hapo ndipo pa kukaa. Mwisho mmoja wa benchi umechorwa uwanja wa mpira kwa chaki ya fundi, na wachezaji ni vifungo vya kutoka kopo la Sindano. Kila mchezaji ana kifungo chake. Kipa ni kifungo kikubwa cha koti, mshambuliaji ni kile cha dhahabu kilichong'oka kwenye sare ya mlinzi, na beki wa kushoto, Kitasa, ni kifungo cheupe cha shati chenye tundu lililovunjika. Hakuna aliyekusudia ubaya. Siku kijana alipopandishwa timu ya wakubwa, vifungo vizuri vilikuwa vimeshachukuliwa. Ijumaa hii benchi lilijaa mapema, maana Jumapili ni mechi ya mwisho, na timu ikifungwa inashuka daraja.

Sindano mwenyewe hakai benchini. Hukaa mlangoni nyuma ya cherehani, mguu kwenye kanyagio, sikio nje. Anazipenda kelele za watu hawa kuliko redio, na husema wazi kwamba bila wao angeshazeeka. Lakini leo zilikuwa zinamchoma. Mkononi alikuwa na jezi namba tatu iliyopasuka begani, na namba tatu ni Kitasa, na Kitasa ni mpwa wake, mtoto wa dada yake. Asubuhi kijana alikuwa amesimama pale pale kwenye kizingiti.

— Mjomba, kocha asiponipanga Jumapili, naacha mpira. Nimechoka kusemwa.

Sindano alitafuta neno la maana la kumwambia, akalikosa, akaishia kumkaribisha chai. Kijana alikataa chai akaenda zake. Jioni angepita tena, na fundi bado hakuwa na la kumwambia.

Nje, kesi ilikuwa imeshafunguliwa.

— Tatizo ni kocha, alisema Waya, fundi umeme, ambaye hajawahi kuanza kwa jambo jingine. Mtu anaamka saa nane usiku kuoka mikate, halafu jioni anakuja kufundisha mpira. Atafundisha nini na usingizi ule?

— Mikate yake lakini inaumuka, alisema Mama Refa kutoka nyuma ya meza yake ya nyanya. Jina hilo alilipata kwa sababu anazijua sheria za mpira kuliko waamuzi, na huwaambia.

— Inaumuka kwa sababu unga haubishani naye.

— Mimi nasema kiungo, alisema Kipimo, seremala, penseli sikioni. Yule mnayemwita injini. Anatembea uwanjani utafikiri anatafuta chumba cha kupanga.

— Mwenda pole hajikwai, Waya alimtetea.

— Mbona kila nikitazama yuko chini?

— Basi bado haendi pole vya kutosha.

Mama Refa alimfungia mteja nyanya, akageuka.

— Na mabeki je?

— Mabeki wasipande kabisa, alisema Waya. Wahenga walishasema mpanda ngazi hushuka.

— Hao hawajapanda tangu msimu uanze.

— Umeona sasa? Na bado tunashuka.

Kila mtu alijaribu kuona kama hoja hiyo ilikuwa na mguu au haina. Kipimo ndiye aliyechoka kwanza. Alivuta pumzi kama mtu aliyeificha siri muda mrefu.

— Nyinyi mnatazama watu. Mimi natazama mbao. Goli letu ni pana kuliko lao. Nimelipima kwa jicho.

— Wakati wa mapumziko si wanabadilishana upande? aliuliza Mama Refa.

— Wanabadilishana.

— Kwa hiyo kipindi cha pili goli pana ni la wenzetu.

Kipimo alitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha.

— Ndiyo maana nasema, wachezaji wetu hawaambiwi. Kocha amelala.

— Mimi dawa ninayo, alisema Waya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa hatukuuziba, sivyo? Basi tujenge ukuta. Mabeki saba.

— Na bao atafunga nani?

— Ukuta ukiwa imara, mpira wa adui utaugonga na kurudi wenyewe. Ukienda mbali, ndio bao.

— Mimi sipendi kumsema mtu aliye karibu, alisema Mama Refa, na papo hapo akajiandaa kumsema. Msimu uliopita tulikuwa na jezi za dukani, tukamaliza katikati. Msimu huu jezi kashona Sindano. Zinabana kwapani. Beki hawezi kuinua mkono kudai kuotea. Refa anaona mikono chini, anajua wamekubali.

Cherehani ilinyamaza.

— Kwapa la jezi yangu unapitisha ndoo, alisema Sindano.

— Ndoo inapita. Swali ni mkono.

Wote walicheka, na Sindano naye akacheka, maana Mama Refa akikusema hakuna namna nyingine ya kutoka salama. Akarudi kwenye bega la jezi. Ndipo likaja lile alilokuwa akiliogopa tangu asubuhi. Kipimo aliweka ncha ya penseli juu ya kifungo cheupe.

— Tusizunguke. Nyumba inaibiwa, na mlango tunaujua.

Utotoni mpwa wa Sindano alikuwa hapitiki, ndiyo maana watoto wenzake walimwita Kitasa. Siku hizi jina hilo hilo limekuwa mzaha.

— Kitasa gani ambacho kila mtu ana ufunguo wake? alisema Waya.

— Mechi iliyopita winga wao alipita pale mara nyingi hadi ikawa wanasalimiana, alisema Mama Refa.

— Bado kidogo waulizane hali za nyumbani.

Sindano aliinama juu ya mshono. Angeweza kuwaambia kwamba bega hili halikupasuka kwa kukaa. Kijana alivutwa jezi akikimbiza mpira ambao wenzake walikuwa wameshauacha, na refa akatazama pembeni. Lakini ukimtetea wa damu yako, watu husikia damu tu, utetezi hawausikii. Aliendelea kushona, na ikamuuma. Kipimo alikinyanyua kifungo cheupe kwa vidole viwili, akakitupa ndani ya kopo, na mahali pake akaweka kifungo cha kijani, kijana mpya mwenye mapaja.

— Imepita, alisema Waya.

— Imepita, alisema Mama Refa, ingawa sauti yake haikuwa na furaha.

Muuza kahawa akatokea kwenye kona na birika lake, vikombe vikigongana. Kahawa ikija pale, hata kama kuna moto watu kwanza hugeuka. Waligeuka wote. Sindano alinyanyuka kutafuta uzi, na uzi ulikuwa shingoni mwake. Aliingiza mkono ndani ya kopo, akapapasa hadi alipogusa lile tundu lililovunjika, akakirudisha kifungo cheupe upande wa kushoto karibu na kile cha kijani. Kisha akakaa upesi. Alijihisi mwizi, ingawa kwa kweli alikuwa amerudisha, si kuiba.

Wakarudi na vikombe vyao. Kipimo alifumba jicho moja, akautazama uwanja, akakisukuma kifungo cheupe mbele kidogo kwa ncha ya penseli.

— Huyu apande kidogo, alisema, na hakuna aliyeuliza huyu ni nani.

Walikuwa bado kwenye mjadala wa kama mpira wenyewe unajazwa upepo uliochoka, hoja ya Waya hiyo, mtu aliposimama mbele yao akiwa na shati la mistari na unga kwenye viwiko. Alikuwa kocha. Kila Ijumaa jezi zilizoshonwa huchukuliwa na mbeba mizigo wa timu, lakini leo alikuwa na homa. Kocha mwenyewe hupita upande wa pili wa barabara, na sababu ilijulikana.

— Karibu, Kocha. Karibu sana, alisema Waya, akimpisha hadi yeye mwenyewe akabaki na nusu ya kalio benchini.

Kocha alikaa. Muuza kahawa alimmiminia. Alikunywa taratibu, akautazama uwanja wa chaki.

— Hii ndiyo timu yangu?

— Mawazo tu, Kocha. Tunapitisha muda.

— Huyu wa dhahabu nimemjua. Na huyu mkubwa ni kipa.

Kidole chake kilianza kupita juu ya vifungo. Kikafika mwisho, kikarudi mwanzo, kikapita tena.

— Wako kumi na wawili.

Kipimo, mtu wa vipimo, alihesabu kwa midomo bila sauti. Walikuwa kumi na wawili. Akawatazama wenzake mmoja mmoja. Sindano aliona afadhali aliseme mwenyewe kabla halijasemwa.

— Ni mimi, Kocha. Walimtoa Kitasa nikamrudisha. Ni mpwa wangu, na roho imeniuma. Sikuweza kumuona ndani ya kopo.

Alingoja wamcheke. Hawakumcheka.

— Na mimi nikampandisha, alisema Kipimo kwa sauti ndogo.

— Si neno, alisema Kocha, akasogea mbele, viwiko kwenye magoti. Mimi kila Ijumaa nikipanga timu wananizidi. Lakini nyinyi ndio wenye timu, na mpira mmeutazama kuliko mimi nilivyolala. Nisaidieni. Nimtoe nani?

Lilikuwa swali dogo, na watu wale walikuwa wamekaa msimu mzima wakilijibu bila kuulizwa. Sasa Waya aliona kwamba kuna waya umelegea kwenye nguzo, akaukazia macho. Mama Refa alizipanga upya nyanya zilizokuwa zimepangika. Kocha aliona wanapata tabu, akaanza kuwasaidia yeye. Aliweka kidole kwenye kifungo cha kijani.

— Huyu?

— Huyo ana mapaja, Kocha, alisema Kipimo.

Kocha akakihamisha kidole kwa kiungo anayeitwa injini.

— Huyu?

— Mama yake ni jirani yangu, alisema Mama Refa. Nitapita wapi?

Kidole kikahamia kwenye kifungo cheupe, kikakaa.

— Na huyu?

Sindano aliwatazama midomoni. Hawa walikuwa watu wake wa kila siku, na sasa hivi tu walikuwa wameshapitisha. Neno moja lingetosha, na jioni angekuwa nalo mbele ya mtoto wa dada yake.

— Kitasa, alianza Kipimo, akakohoa. Huyo, Kocha, aliwahi kulala hapa hapa benchini akisubiri mjomba wake ampunguzie jezi yake ya kwanza. Ilikuwa inamfika magotini.

— Nilimfunika kwa gunia, alisema Mama Refa. Gunia safi.

— Kupitwa anapitwa, alisema Waya, macho bado kwenye nguzo. Lakini hajawahi kuacha kuwakimbiza. Wengine wakipitwa wanashika kiuno. Huyo hashiki kiuno. Lazima tuseme ukweli.

Sindano alifurahi. Alifurahi hadi akajifanya anatafuta mkasi.

— Kwa hiyo nani? aliuliza Kocha.

Mama Refa alirudi kwenye nyanya zake. Muuza kahawa, aliyekuwa akisikiliza na mkono kiunoni, alimhurumia mgeni akataka kumwongezea, akainamisha birika. Likatoa matone, kisha hewa.

— Imekwisha, alisema.

Kocha alicheka kidogo, akasimama. Alipokea furushi la jezi, namba tatu ikiwa juu, akaupitisha mkono kwenye mshono wa bega na kumkubalia Sindano kwa kichwa. Kisha akainama, akakichukua kifungo cheupe, akakitia kwenye mfuko wa shati lake, akawaaga vizuri na kwenda zake. Safari hii alipita upande wao wa barabara.

Uwanjani walibaki kumi na mmoja.

— Amemtoa, alisema Kipimo.

— Angemtoa angemrudisha kwenye kopo, alisema Mama Refa. Mtu hatii mfukoni kitu asichokitaka.

— Labda amekichukua asikione tena.

— Ngojeni, alisema Waya, na sauti yake ikapata nguvu ya zamani. Mliona ametia mfuko wa upande gani?

Walifikiri.

— Kushoto, alisema Mama Refa.

— Kushoto, alisema Kipimo.

— Na Kitasa anacheza wapi?

Waya akasema dalili ya mvua ni mawingu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo methali ilikaa mahali pake, au karibu na hapo.

— Kocha hawezi kutuambia waziwazi, si mnaelewa? Kuna wapelelezi wa timu nyingine. Ametuonyesha kwa vitendo. Kumbe yule bwana si wa kulala.

— Mimi nilisema tangu mwanzo mikate yake inaumuka, alisema Mama Refa.

Sindano alikuwa ameshachukua nguo nyingine, akitunga uzi. Lile shati la mistari alilishona yeye. Tangu ajifunze kazi ameshona mashati hata hajui idadi, na shati likiwa na mfuko mmoja hajawahi kuuweka upande mwingine ila kushoto, wala fundi aliyemfundisha hakuwahi. Kocha angekuwa anampanga Kitasa au anamwacha, kifungo kingeingia pale pale, maana pengine pa kukitia hapakuwepo.

Lakini jioni kijana angepita, na sasa mjomba alikuwa na la kumwambia. Angemwambia kwamba watu waliulizwa uso kwa uso kama atolewe, wote wakashindwa kumtoa. Angemwambia na habari ya gunia.

— Au sivyo, fundi? aliita Waya. Si umeona mwenyewe?

Sindano aliupitisha uzi kwenye tundu la sindano mara moja tu, bila kulowesha.

— Ndivyo, alisema. Kushoto kabisa.