Majina Kumi na Saba ya Sista Stellamaris

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi, Sista Stellamaris Leodegar, muuguzi msaidizi, anastaafu Jumamosi, tarehe 30 Juni 1984. Nimepewa mimi, karani wa kumbukumbu, kazi ya kuandika habari zake, kwa kuwa daftari lake la majina linabaki mikononi mwangu.

Alianza mwaka 1962 katika zahanati moja ya Kisarawe, akizungukia vijiji kwa baiskeli isiyo na breki. Hapa hospitalini Kibaha alihamia 1980. Sabuni ilipoadimika, alipika yake kwa mafuta ya nazi, wodi nzima ikanukia kama jiko la harusi.

Lakini kinachosimuliwa zaidi ni mwaka 1978. Kipindupindu kilipoingia upande wa Mzenga, wagonjwa walitengwa katika jengo la shule, barabara ikafungwa siku arobaini na moja, na Sista akabaki ndani pamoja nao. Kila asubuhi saa mbili aliita majina yao kutoka daftarini. Aliye hai aliitika, "Nipo." Aliyefariki naye aliitwa, na Sista akamwitikia mwenyewe: "Yupo kwa Mungu."

Mzee Kitwana, mmoja wa waliopona, alizoea kumtania: "Sista, usije ukaniitikia mimi kabla ya siku yangu."

"Basi paza sauti, mzee wangu," alijibu, na waliokuwa na nguvu wakacheka.

Siku ya kumi na tisa aliita jina la Mwanakheri, aliyezikwa jana yake. Kabla Sista hajamwitikia, sauti ilitoka kwenye kitanda kitupu cha pembeni: "Nipo." Mzee Kitwana anasema wote waliisikia. Sista akatabasamu, akaita jina lililofuata.

Tangu hapo hajaacha. Kila Jumatatu saa mbili husoma majina kumi na saba ya waliofia kule, ndani ya chumba chetu cha kumbukumbu. Saa hiyo watumishi huzungukia nje wasipite mlangoni, maana wanasema majina huitikiwa. Mimi niliandika barua kuomba daftari lipelekwe kwingine, ila kabla ya kuipeleka nikamwuliza Sista kama yeye haogopi.

"Naogopa sana, mwanangu," alisema. "Napiga ishara ya msalaba mlangoni. Jina la kwanza nalisoma kwa hofu. Bwana Yesu hunipa furaha kwenye jina la pili. Hajawahi kuchelewa."

Jumatatu iliyopita alinikabidhi daftari nisome mimi. Niliyasoma yote kumi na saba, taratibu, nikitua baada ya kila jina. Sikupata nafasi ya kumwitikia hata mmoja; kila mmoja alinitangulia.

Barua yangu nimeichana.

Sista, tunakushukuru kwa mikono yako na kwa imani iliyowachekesha watu mahali pale. Tunakutakia afya, mvua za kutosha kwenye shamba lako la Mbwawa, na usingizi mzuri. Daftari lisikusumbue. Jumatatu saa mbili nitalifungua, nitasoma jina la kwanza, na nitaingoja furaha ya jina la pili.