Maji Wanayopikia Kambini

"Maji yakiwa meupe na hayanuki, utajuaje yana sumu?" jirani yangu aliwahi kuniuliza. Nikamjibu Mungu ndiye ajuaye. Leo kwenye basi nimekaa nyuma ya bibi aliyempakata mjukuu, akimlalamikia mwanamke wa pembeni yake, mpishi wa kambi ya jeshi.

"Kila mkifanya mazoezi ya kuzima moto, lile povu lenu la dawa linazama ardhini mpaka kisimani kwetu. Na maziwa ya unga ya huyu nayakoroga kwa maji hayo hayo!"

"Mama, watu wanapenda kukuza mambo. Wakubwa walipima, wakasema ni salama."

"Wewe unapikia yapi?"

"Sisi tunaletewa na gari." Alisema hivyo kwa maringo, maskini, kama anasifia jiko jipya.

"Tangu lini, mwanangu?"

Mpishi akavuta mkoba wake, akautazama. "Tangu walipopima."

Nilimwomba Mungu anifunge mdomo, akanifunga.

"Lakini mama, si lazima iwe ndiyo maana yake..."

Basi likasimama. Bibi akamnyang'anya mjukuu chupa, akamwaga maziwa yote dirishani, akashuka na mtoto analia.