Bi Hodi na Marehemu Mia Mbili na Kumi na Nne

Wafanyakazi wote wanaarifiwa, kwa uzito unaostahili, kwamba kuanzia saa kumi jioni ya tarehe 30 Juni, kiti chenye mto wa kijani kando ya dirisha kitakuwa wazi. Wanaokimezea mate wajipange kwa utaratibu. Anayekiacha amekuwa nacho miaka thelathini na mmoja, ingawa kukikalia ni jambo jingine: karani wetu wa uandikishaji, tunayemwita Bi Hodi, amekitumia zaidi kuwekea mkoba.

Aliajiriwa kwa wiki sita. Kazi ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akiandika kaya, ili kila aliyetimiza umri aingie katika daftari la wapiga kura wa baraza la mtaa wake. Wiki sita zilipokwisha hakuna aliyekumbuka kumwambia, naye si mtu wa kukumbusha wakubwa mambo madogo.

Mbinu zake tumeziiga sote bila kumwomba ruhusa. Hodi tatu, kisha hatua mbili nyuma, maana mlango haujulikani utafunguliwa na nani wala utatoa mbwa gani. Ndala za mlangoni alizihesabu kabla ya kuuliza idadi ya watu, kwa hoja kwamba ndala hazina sababu ya kudanganya. Na pale mume na mke walipotazamana kwa swali la mkuu wa kaya, aliuliza tu ni nani anayejua ufunguo wa kabati uliko. Huyo ndiye aliyeandikwa. Hakuna mume aliyewahi kukata rufaa.

Sasa tuje kwenye herufi H. Asipomkuta mtu nyumbani, Bi Hodi aliandika H pembeni ya jina kwa kalamu ya risasi, yaani hayupo. Akirudi na kumkuta, aliweka tiki juu yake. Kufuta alikuwa hafuti. Aliona ni kuchafua karatasi. Mambo yalikwenda salama miaka yote, hadi uchaguzi uliopita tulipopata mchapaji mpya, dada makini kupita kiasi, aliyetoka redioni alikokuwa akichapa matangazo ya vifo. Kwake yeye, hayupo ni hayupo. Na H yenye tiki ni hayupo iliyothibitishwa.

Tuligundua Jumatatu, orodha ilipobandikwa ukutani. Fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya soko aliingia, akavua kofia, akasema kwa adabu, "Samahani mama, mimi ni marehemu. Nianzie dirisha gani?"

Tulipopiga hesabu, tulikuwa tumewazika watu mia mbili na kumi na nne, karibu mtaa mzima. Marekebisho yalikuwa yanafungwa Ijumaa saa kumi. Kila mmoja alitakiwa kutia sahihi au dole gumba kwamba yu hai, na mtu wa kaya yake amshuhudie. Asiyetia, hana kura kwa miaka mitano.

Mkuu wa ofisi aliona siku hazitoshi, akapendekeza mtaa huo usubiri uchaguzi ujao. Bi Hodi hakupandisha sauti. "Bosi, hawa nimewaua mimi. Niachie niwafufue."

Taabu ni kwamba wenye H ndio wale wale wasioshikika nyumbani. Aliwafuata walipo: gereji, jikoni mwa shule, juu ya mapaa wanakopigilia mabati. Nasi tulimfuata, mchapaji akiwa mbele na kidau cha wino, hajui acheke au alie. Fundi bomba alitia sahihi akiwa shimoni, karatasi ikiwa juu ya mgongo wa mwenzake. Mama mkwe mmoja aligoma kushuhudia kwamba mkwewe yu hai mpaka atengeneze mlango aliouahidi tangu mwaka juzi. Mlango ulitengenezwa mbele yetu, bawaba zote tatu, ndipo mkwe akafufuka.

Fomu ya mwisho, ya mia mbili na kumi na nne, iliingia Ijumaa, saa kumi kasoro dakika nane. Ilikuwa ya mpaka rangi, nayo ilikuwa na alama ya dole gumba la bluu ambayo haikutokana na wino wetu. Mkuu aliigeuza mara mbili, akaigonga mhuri. Bi Hodi aliketi, akavua viatu, akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu Jumatatu. Nasi tukashusha zetu. Mchapaji akamletea maji. Bi Hodi akayapokea na kumwambia, "Mwanangu, kuanzia kesho nitanunua ufutio."

Bi Hodi, ahsante kwa kila mlango. Nenda kakae kwako, na safari hii wengine ndio wagonge. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na miguu isiyodai chochote.

Mhariri wa jarida letu la ofisi ameomba niongeze matokeo, kwa ajili ya kumbukumbu. Siku ya kura, kati ya wale mia mbili na kumi na nne, walijitokeza tisini na mmoja.