Mkono Nyuma ya Kochi

Nje ya mlango wa nyuma wa jumba la michezo ya kuigiza, Mtaa wa Arobaini na Tano, New York, pana benchi moja, na mchana ule lilibeba watu watatu na vikombe vitatu vya kahawa. Rosario, wanayemwita Pini, ni mvalishaji. Miaka minne amejibanza nyuma ya kochi jukwaani, nguo nyeusi tupu, akimbadilisha mwimbaji gauni kwa sekunde kumi na nne huku wenzake wakiimba. Hajaonwa hata siku moja. Juzi wakaja wapiga filamu kulirekodi onyesho. Pini akajificha na macho ya watu, akaisahau kamera iliyoning'inizwa juu. Mkono wake ukanaswa. Mwongozaji anataka jibu lake kabla ya onyesho la saa nane: aufute kwa kompyuta, au auache?

— Aufute, akasema Pini. Mvalishaji akionekana, kaharibu kazi.

— Weee! Kamba, mvuta mapazia, akaruka. Kwani una ukoma? Mficha uchi hazai!

— Nina miaka sitini na moja, Kamba. Nizae nini?

— Balaa si mkono, balaa filamu, akadakia Tarumbeta, mpulizaji wa shimo la wanamuziki chini ya jukwaa. Mtu atatazama kwake, miguu juu. Huku atafuata nini?

— Watajaa! akasema Kamba. Mwonja asali haonji mara moja.

— Asali ya wapi? Leo wanafuta mkono, kesho wananifuta mimi, keshokutwa wanafuta mtaa mzima, linabaki gauni linaimba peke yake!

— Na vifungo vyake atafunga nani? Pini akafoka. Nyie mnapiga porojo, mimi saa inanikimbia!

Mama mmoja mgeni, tiketi mkononi, akawasogelea.

— Samahani jamani, mnafanya kazi humu? Eti, ukikaa mbele, huo mchezo ni mzuri?

Kamba akakikodolea macho kikombe. Kutoka juu anakovutia mapazia, yeye huona tu utosi wa waigizaji. Tarumbeta huona soli za viatu. Pini anaujua mgongo wa gauni, basi.

— Kuna… kuna kochi zuri, akasema Kamba.

Pini akainuka, akausukuma mlango.

— Wapi tena, dada? akauliza Kamba.

— Kumwambia mwongozaji asifute. Filamu ikitoka nitakwenda kukaa mbele, kama watu. Na mimi nataka kujiona.