Matone ya Fundi Bomba

Kwenye benchi la mbele ya kinyozi, kahawa huanza asubuhi na ubishi haujui kuisha. Siku hiyo Fundi Bomba alikuja macho mekundu, hajalala. Bomba la uani kwake aliliunga mwenyewe, miaka kumi iliyopita, kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, na juzi akasikia redioni kwamba risasi ikiingia kwenye maji hudumaza akili za watoto. Mjukuu wake wa miaka mitatu hanywi maji mengine. Binti yake anayefanya kazi maabara alimpa kichupa cha dawa ya njano: ukiitia kwenye maji salama, hubaki njano, yakiwa na risasi, hugeuka nyekundu.

— Sasa unangoja nini? akauliza Gia, dereva mstaafu.

— Naogopa, bwana.

Kinyozi, anayejiita Profesa, akamsogezea kikombe.

— Kahawa hii imepikwa kwa maji ya bomba lako. Tia humu tuyamalize.

Fundi akatia matone matatu. Vichwa vikainama.

— Naona wekundu, akasema Gia.

— Wekundu wa wapi? akadakia Profesa. Hiyo njano iliyokomaa. Haya matone yananusa risasi kama mbwa wa polisi. Yakiikosa, yanalala.

— Acha hizo. Rangi inapanda na joto. Ngoja ipoe.

— Ikipoa inajificha chini. Mimi nimesoma.

— Umesoma wapi, kwenye gazeti la kufutia wembe?

Fundi hakucheka. Alikuwa anamuwaza mjukuu wake na kile kikombe chake cha plastiki, na roho ilimuuma.

Mpangaji mpya wa mtaani, mwanamke aliyehamia juzi, alikuwa anapita na ndoo. Akasimama, akachungulia.

— Shikamooni wazee. Rangi mtaionaje ndani ya kahawa?

Profesa akakohoa. Gia akatazama viatu vyake.

Fundi akainuka, akaenda uani kwake, akarudi na glasi ya maji meupe. Akatia matone, moja likaangukia suruali. Mengine yakaingia. Machozi yakamjaa, haoni kitu.

— Nisomeeni, akasema. Mimi siwezi.

Wakangoja, wakangoja tena.

— Njano, akasema Gia.

— Njano, akasema Profesa.

Mwanamke akaweka ndoo yake miguuni pa Fundi.

— Njano, baba. Naomba nikateke.